Jinsi ya kusoma na kutumia vishindo vya Kijapani: don, dokan, gachan na ndugu zao

Wengi wanaojifunza Kijapani wakifika kwenye milio wanafanya kitu kimoja, wanatafuta orodha ndefu mtandaoni wanaanza kukariri, don ni hivi, dokan ni vile, baada ya muda yote inachanganyika kichwani inakuwa ni "kishindo" tu basi. Mimi nakushauri orodha iweke pembeni kwanza. Milio ya vishindo ya Kijapani imejengwa kwa vipande na kila kipande kina kazi yake, ukishavijua vipande unaweza kukutana na mlio ambao hujawahi kuuona popote, uko kwenye ukurasa wa manga (vitabu vya katuni vya Kijapani), na ukasema hapa kimeanguka kitu kizito, hapa ni chuma, hapa sauti imekata ghafla, hapa imeendelea kuvuma. Kwaiyo hapa tunaanza na hivyo vipande, alafu tunaingia kwenye namna ya kuuweka mlio ndani ya sentensi ukatoka kama wanavyoongea wenyewe.

Na sisi wa Kiswahili tayari tuna pa kuanzia. Tanakali za sauti tumekua nazo, mtu kaanguka pu sakafuni, chubwi majini, tapwi matopeni, tifu mchangani. Kitenzi ni kilekile, mlio ndo unakwambia kaangukia wapi. Kijapani nacho kinatumia milio kila mahali, kwenye taarifa ya habari, kwa daktari, kwa askari anayeandika maelezo ya ajali, sio kwenye katuni peke yake, na mtu mzima mwenye heshima zake anaitumia bila shida yoyote. Tofauti yake na kwetu ni kwamba mlio wa Kijapani unajali zaidi uzito wa kilichogonga na namna sauti ilivyoisha kuliko mahali kilipoangukia.

Anza na uzito

Milio hii kwa kawaida inaandikwa kwa katakana, moja ya aina za herufi za Kijapani. Herufi ト ya katakana inasomeka to. Ukiiwekea vistari viwili vidogo juu upande wa kulia inakuwa ド, do. Vistari hivyo vinaitwa dakuten, ila watu wakiongea kawaida wanasema tu tenten. Kazi yake ya kila siku ni kubadilisha konsonanti, t inakuwa d, k inakuwa g, s inakuwa z, h inakuwa b. Lakini kwenye milio vinafanya jambo kubwa zaidi, vinaongeza kilo. Kitu kikiwa chepesi, kidogo, kinagusa tu, mlio unaanza na k, t, s au p. Kikiwa kizito, kikubwa, kinagonga kwa nguvu, mlio uleule unavaa vistari viwili na unaanza na g, d, z au b. Mwanaisimu Shoko Hamano ameuchambua mfumo huu kwa undani sana na hiyo ndo moja ya nguzo zake, konsonanti nyepesi kwa vitu vyepesi na laini, konsonanti nzito kwa vitu vizito na vya nguvu.

Ukiziweka mbilimbili unaona wazi. Kugonga mlango taratibu kwa vidole ni tonton (トントン), kuupiga ngumi usiku kwa sababu nyumba ya jirani inaungua ni dondon (ドンドン). Kikombe kikigusana na kisosi ni kachan (カチャン), trei nzima ya vyombo ikimponyoka mhudumu ni gachan (ガチャン). Kichwa kikigusa mlango wa kabati kidogo ni kotsun (コツン), kikijigonga haswa mpaka mtu anakaa chini ni gotsun (ゴツン). Kijiti chembamba kikikatika ni poki (ポキッ), tawi nene au mfupa ukivunjika ni boki (ボキッ). Zile biskuti ndefu nyembamba zilizopakwa chokoleti, Pocky, ambazo kampuni ya Glico ilianza kuuza mwaka 1966, jina lake limetokana na huo mlio wa kukatika mdomoni, pokkin, na sasa unaelewa kwanini walichagua mlio wenye p, ni kitu chepesi cha kutafuna.

Kwenye p na b kuna kitu cha kuangalia kwa makini. Herufi ハ ni ha. Ikiwa na kiduara kidogo juu, パ, ni pa. Ikiwa na vistari viwili, バ, ni ba. Kwenye skrini ndogo ya simu kiduara na vistari vinafanana, ukisoma haraka unaweza kuchukua パン (pan) ukadhani ni バン (ban), na pale ambapo puto limepasuka wewe ukaona mtu kapigwa risasi. Kuza picha, angalia.

Kisha vokali

Hapa sitakaa sana. Kwa vishindo vokali mbili ndo zinabeba kazi kubwa, o na a. Yenye o inatoka chini, nzito, inasikika tumboni: don ni ngoma kubwa, mzinga, gari kugonga ukuta. Yenye a imefunguka, inatandaa, ni ya uso mpana: ban (バン) ni kiganja kwenye meza, mlango unaofunguliwa kwa kishindo, bunduki. Gan (ガン) ni chuma kugongwa, mfano kupiga teke pipa la bati, na gon (ゴン) ni kitu kigumu kilichojaa, kama gogo au fuvu la kichwa. Ukivuta hiyo gon unapata goon (ゴーン), kengele kubwa ya hekalu la Kibudha, ile inayopigwa mara 108 usiku wa kuamkia mwaka mpya, na ukiisikia hata kwa video utaelewa kwanini haiwezi kuwa na vokali nyingine.

Mwisho wa mlio ndo unakwambia sauti ilikufaje

Sehemu hii watu wengi wanairuka na ni makosa, maana hapa ndo utamu ulipo.

Kuna ッ, tsu ndogo. Ikikaa mwisho wa mlio maana yake sauti imekatwa hapohapo, haina mwangwi. Dosa (ドサッ) ni kitu kimetua kikatulia. Kuna ン, ile n ya mwisho, hii inamaanisha kuna mtetemo, sauti imegonga ikarudi: dosun (ドスン), batan (バタン), gachan. Kuna ule mstari mrefu ー, unavuta vokali, na kadri ulivyo mrefu ndivyo kishindo kilivyotanda: don ni pigo moja, doon (ドーン) limeenea mji mzima, na waandishi wa manga wakitaka wanaongeza mistari mitatu minne, hakuna wa kuwazuia. Alafu kuna kurudia, dondon, gangan, kumaanisha pigo linakuja tena na tena.

Chukua mlango mmoja uufanyie zoezi. Patan (パタン) umefungwa taratibu, mlango mwepesi. Batan (バタン) umebamizwa. Batabata (バタバタ) unapigwapigwa na upepo, na neno hilohilo ni la watu wanaokimbizana huku na huku ndani ya nyumba asubuhi wamechelewa. Mtu akiwa hoi kwa uchovu, anafika nyumbani anajitupa kitandani usingizi huohuo, Wajapani wanasema batankyuu, yani batan ya mwili kuanguka na kyuu ya pumzi kuisha.

Nini kimegonga nini

Ukishajua uzito, vokali na mwisho, kilichobaki ni kujua familia, kwasababu kila aina ya kitu ina shina lake. Familia ambayo mimi naipenda kuliko zote ni ya vitu vizito vinavyoanguka chini, na ndo inachanganya watu zaidi, kwaiyo tukae hapa.

Dosa (ドサッ) ni ya kitu kizito ambacho hakijashikana, kimelegea, kikitua kinajimwaga. Gunia la mkaa likishushwa begani. Rundo la vitabu. Mzigo wa nguo. Na mfano unaopendwa na Wajapani wenyewe, theluji: mikoa ya upande wa bahari ya Japani kama Niigata inapata theluji nyingi mno, inajikusanya juu ya paa, jua likipiga kidogo au uzito ukizidi bonge zima linaporomoka kwa mkupuo mpaka chini, dosa. Hakuna mlio wa kugota pale, ni uzito tu unatua na kunyamaza, ndo maana inaishia na tsu ndogo. Tena hilo jambo la kuja kwa mkupuo lina mlio wake mwingine, doka, theluji inayoanguka nyingi kwa muda mfupi inaitwa dokayuki, na mtu anayeshinda na njaa alafu anakula chakula cha watu watatu kwa wakati mmoja hiyo ni dokagui.

Dosun (ドスン) ni ya kitu kimoja, kimeshikana, kina kilo zake. Fenesi likidondoka kutoka juu ya mti. Mtu akiteleza akakaa chini kwa makalio. Jiwe. Ile n ya mwisho ni ardhi inayojibu. Doshin (ドシン) iko karibu sana na dosun ila inafaa zaidi pale miili inapogongana au mtu mnene anapotembea na sakafu inatikisika, ukikutana na mtu kwenye kona mkagongana vifua ni doshin. Na zushin (ズシン) ni kubwa kuliko zote, hiyo huisikii kwa masikio tu, inapanda miguuni, ni hatua za dudu kubwa kwenye filamu linalotembea mjini, au kitu cha tani nzima kikiwekwa chini. Angalia lilivyoanza na z, uzito umefika mwisho.

Vitu vinavyovunjika vina g na ch au sh. Gachan (ガチャン) ni vyombo vya udongo, glasi, na pia simu ya zamani ya mezani ikikatwa kwa hasira, mpaka leo watu wanasema kakata simu gachan ingawa simu zenyewe sikuhizi hazina cha kugonga. Gashan (ガシャン) ni pana zaidi, kioo cha dirisha, baiskeli ikianguka, mabati, vitu vingi vinalia pamoja. Ile mashine inayotoa vidoli ndani ya vimpira vya plastiki inaitwa gachapon, gacha ni kuzungusha kile kishikio na pon ni kimpira kikidondoka, na kutoka hapo ndo likaja neno gacha la kwenye magemu ya simu ambayo unalipa ili ubahatishe kupata mhusika. Kwaiyo neno ambalo vijana wetu wanalitumia kila siku kwenye magemu ni mlio wa chuma kuzungushwa.

Milipuko: dokan (ドカン) ni mlipuko wenyewe, bomu, bomba la gesi, volkano. Bokan (ボカン) ni mlipuko ulio mtupu ndani, mara nyingi unasikika wa kuchekesha kidogo, katuni za watoto zimeujaa. Zudon (ズドン) ni bunduki nzito au mzinga, kuna kitu kimetoka na kimeenda kupiga. Pan (パン) ni mlipuko mdogo, puto, fataki ndogo za mkononi, na makofi mawili anayopiga mtu mbele ya madhabahu ya Kishinto ni pan pan. Kofi la shavuni ni bachin (バチン) au bashi (バシッ), la kwanza lina mwangwi wa ngozi, la pili ni kavu na linatumika pia kwa mpira unaodakwa kwenye glavu ya besiboli.

Majini ni dobon (ドボン), hiyo ni chubwi ya kitu kizito, mtu au jiwe kubwa. Kijiwe kidogo ni pochan (ポチャン). Umeshaona mwenyewe, p na d.

Kuuingiza kwenye sentensi

Sheria ni moja na ni rahisi, mlio + to + kitenzi. Hiyo to inafanya kazi ya kuushika mlio usielee.

Doa ga batan to shimatta, mlango umefungwa kwa kishindo. Sara ga gachan to wareta, sahani imevunjika. Tsukue o ban to tataita, kapiga meza kwa kiganja. Kuruma ga kabe ni don to butsukatta, gari limegonga ukuta. Yuki ga yane kara dosatto ochita, theluji imeporomoka kutoka juu ya paa, hapa ile tsu ndogo imeungana na to ikawa tto, usiitenganishe ukiongea. Dosun to shirimochi o tsuita, kaanguka kwa makalio, na shirimochi ni neno la kukumbuka maana mochi ni ule mkate laini wa mchele unaotwangwa kwenye kinu.

Mlio ukiwa umerudiwa unaweza kuiacha to, doa o dondon tataku inatosha, lakini mlio wa mara moja kama don, ban, dosun unaihitaji, bila to sentensi inayumba. Na kama hukuona kilichotokea, ulisikia tu, sema "to iu oto ga shita", yani nilisikia sauti ya namna hiyo: don to iu oto ga shita. Hiyo sentensi kwa mtu anayeishi Japani ni ya thamani sana. Nyumba za kupanga kule kuta ni nyembamba sehemu nyingi, ukitaka kumwambia wakala wa nyumba kuhusu watoto wa juu wanaorukaruka unasema ue no kai kara dondon to iu oto ga shimasu, hapo umeeleweka, hutakiwi kutafuta msamiati mgumu wa kelele na usumbufu. Au askari anakuuliza ajali ilikuwaje: don ni pigo la mwili wa gari na ukuta, gashan ni vioo na mabati, yeye anajua tofauti bila kukuuliza mara mbili. Kwa daktari vilevile, kichwa kinachogonga kama kinapigwa nyundo kinaitwa gangan, atama ga gangan suru, na hapo mlio wa chuma umeingia ndani ya fuvu.

Kuwa makini na dondon. Ina maana ya pili, jambo kuendelea kwa kasi bila kusimama, dondon tabete ni "kula, kula, usisite", hakuna anayepiga chochote. Kinachokusaidia ni kitenzi kinachofuata.

Don peke yake

Mlio mmoja nataka tuutazame kwa nafasi, maana historia nzima imepita ndani yake.

Mwaka 1871 serikali ya Meiji ilianza kupiga mzinga kila siku saa sita mchana kwenye eneo la kasri la mfalme Tokyo, ili watu wajue saa. Watu wa mji hawakuhangaika na jina rasmi, wakauita don. Don imelia, tukale. Mzinga huo ulipigwa mpaka 1929 ulipobadilishwa na king'ora, na mmoja wapo umehifadhiwa kwenye makumbusho ya wazi ya majengo ya kale huko Koganei, magharibi ya Tokyo. Siku ya kufanya kazi nusu, kama Jumamosi ya zamani, wazee bado wanaiita handon, han ni nusu, na maelezo mojawapo ya neno hilo ni kwamba kazi ilikuwa inaisha don ikilia, ingawa wengine wanalitoa kwenye neno la Kiholanzi la Jumapili.

Kwenye mbio za shule, wanafunzi wamejipanga kwenye mstari, mwalimu anasema yooi, wote wanainama, don! wanachomoka. Hata kama hakuna bastola ya kuanzishia, anasema don kwa mdomo. Kwenye ngoma za taiko mwanafunzi anafundishwa pigo kwa mdomo kabla hajashika fimbo, don ni katikati ya ngozi, ka ni ukingoni, doko ni mapigo mawili ya haraka, unaimba don doko don ka mpaka mwili umeshika ndo unapewa ngoma. Ukitaka kulisikia hilo bila mwalimu lipo gemu la Taiko no Tatsujin la Namco, lilianza mwaka 2001 kwenye kumbi za michezo, duara jekundu ni don, la bluu ni ka, na ukicheza muda kidogo sikio lenyewe linaanza kutenganisha pigo zito na pigo kavu. Nawashauri wote wanaoanza walicheze.

Baadae ikaja kabedon, kabe ni ukuta. Mwanzoni ilikuwa ni jirani kupiga ukuta kwa hasira ukipiga kelele, alafu katuni za mapenzi zikaigeuza ikawa ni mwanaume kumbana msichana ukutani kwa kugonga kiganja pembeni ya kichwa chake, don. Mwaka 2014 neno hilo liliingia kwenye kumi bora ya maneno yaliyotamba mwaka ule Japani.

Na ipo pikadon, jina la bomu la atomiki la Hiroshima. Asubuhi ya Agosti 6, 1945, saa mbili na dakika kumi na tano, watu wa Hiroshima hawakuwa na neno la kitu kilichowapata, hakuna aliyewaambia ni bomu la aina gani, kwaiyo waliita kwa walichoona na walichosikia, pika ni mwanga mkali wa ghafla, don ni kishindo. Wengi waliokuwa karibu na kitovu wanasema pika tu, kwa sababu waliuona mwanga na hawakumbuki sauti yoyote. Waliokuwa mbali kidogo ndo waliosema pikadon, mwanga kwanza, kishindo baadae. Ukitaka kuelewa kwanini vipande viwili, kumbuka sauti inatembea kama mita 340 kwa sekunde, aliyesimama kilomita tatu kishindo kinamfikia sekunde karibu tisa baada ya mwanga. Neno hili ni la wahanga. Usilitumie kwa fataki, usilitumie kwa radi, usilitupie kwenye maongezi ya gemu, hata kama kwa mpangilio wa mlio linafaa.

Fataki zina mpangilio wake na ni mzuri kuujua: hyuu (ヒュー) inapanda, doon inapasuka, parapara (パラパラ) cheche zinadondoka. Kila mwaka mwishoni mwa Julai kwenye mto Sumida, Tokyo, zinarushwa kama 20,000 usiku mmoja, na watoto kandokando ya mto wanazifuatisha kwa mdomo kwa mpangilio huohuo.

Kuzisoma kwenye manga

Kwenye manga mlio haukupigwa chapa kama maneno ya wahusika, umechorwa kwa mkono na ni sehemu ya picha yenyewe. Kwaiyo soma na umbo. Herufi nene zenye kona kali ni kitu kigumu, zilizopasuka pembeni ni mlipuko, zinazotetemeka ni ardhi. Ukubwa unaongezeka kuelekea upande sauti inakokwenda. Mlio unaweza kwenda juu kwenda chini, au kushoto kwenda kulia, mara nyingine hata kulia kwenda kushoto, na ule mstari mrefu ー kwenye maandishi ya wima unasimama nao wima, usiuchukulie kama namba moja.

Herufi zinazowaumiza wengi ni ン na ソ, na ツ na シ. Kwenye ン kile kistari kidogo kimelala na mkwaju mrefu umechorwa kutoka chini kwenda juu. Kwenye ソ kistari kimesimama na mkwaju unatoka juu kushuka. Mchoraji akichora haraka vinafanana kabisa, lakini kwenye vishindo unaweza kukata shauri bila wasiwasi, mwisho wa mlio wa kugonga karibu kila mara ni ン, so hana kazi pale. Na ile ッ ikiwa ndogo kuliko jirani zake usiisome tsu, ni kukata sauti tu. Vile vistari viwili vya ド navyo wachoraji wanapenda kuvichora kama cheche au vipande vya jiwe vinavyoruka, vitafute, ndo uzito wenyewe.

Kingine, sio kila kishindo kwenye manga kilisikika. Kwenye One Piece ya Eiichiro Oda utaona ドン!! kubwa nyuma ya mtu aliyesimama tu katoa neno zito, hakuna kilichogonga, ni uzito wa ile hali. Gaan (ガーン) juu ya kichwa cha mtu ni mshtuko wa ndani, kapewa habari mbaya. Ukishajua don ni nini kwa ngoma na kwa mzinga, hizi huhitaji kuelezwa, unazihisi.

Kuandika kwenye simu

Weka kibodi ya Kijapani ya romaji, ile unayoandika kwa herufi zetu hizi a, b, ch. Andika don kisha bonyeza n mara ya pili, chagua katakana, inakuja ドン. Mstari mrefu ni alama ya kistari cha kawaida: do-nn inatoa ドーン. Tsu ndogo ya mwisho andika ltu au xtu, kwaiyo dosaltu inatoa ドサッ. Kwenye maongezi na rafiki katakana inaonekana kali zaidi, hiragana (どん), zile herufi nyingine za Kijapani za mviringo, inalainisha, watu wanachagua kwa hisia na wewe utazoea.

Sasa jaribu mitatu hii bila kamusi. ズガーン: z ya uzito mkubwa, g ya kitu kigumu, a imefunguka, imevutwa, ina mwangwi, basi ni mlipuko au radi imepiga karibu sana na kitu kimevunjika. ガラガラガッシャン: garagara inarudiwa, vitu vigumu vinabiringika, alafu gasshan pigo la mwisho, hapo ni rundo la vyombo au mabati limeporomoka lote. コトン: k, kwaiyo ni chepesi, vokali ni o, mwisho una n kidogo, ni kikombe kimewekwa mezani. Ukitaka kikombe hicho kiwe jiwe, weka vistari viwili kwenye ko, ゴトン.